Je, mwanga hufanya meno yawe meupe?

KATIKA mji wa Takaba, Mandera Magharibi, kijiti cha mswaki ni kitu cha kila siku. Hata hivyo, wapo wanaopiga mswaki kwa bidii na bado wakaona haya kucheka hadharani kwa sababu ya rangi ya meno yao. Baadhi yao huvutiwa na matangazo ya kliniki za mijini zinazong'arisha meno kwa taa maalum. Kabla ya kufunga safari na kutoa pesa, inafaa kujua taa hiyo hufanya nini.

Dawa ndiyo inayofanya kazi

Daktari wa meno hufunika ufizi, kisha hupaka meno dawa nzito yenye peroksidi ya haidrojeni, mara nyingi ya asilimia 25 hadi 40. Dawa hiyo hupenya ndani ya jino na kuvunjavunja chembe za rangi. Taa ya buluu au miale ya leza humulikwa juu yake kwa nia ya kuiharakisha.

Hata hivyo, tathmini za kitaalamu zilizojumuisha majaribio mengi, ikiwemo iliyochapishwa mwaka wa 2018, zimeonyesha kuwa meno yaliyomulikwa hayawi meupe kuliko yaliyopakwa dawa pekee. Weupe unaoonekana mara tu baada ya kumulikwa kwa kiasi fulani hutokana na jino kukauka, nao hupungua jino linaporejesha unyevu wake.

Madhara

Wengi huhisi meno yakifa ganzi au kuuma kwa siku chache. Dawa ikigusa ufizi huuchoma. Taa zenye joto zina hatari ya ziada: majaribio yaliyofanyiwa nyani mwaka wa 1965 yalionyesha kuwa joto la ndani ya jino likipanda kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, baadhi ya meno hufa kiini chake. Macho pia yapasa kukingwa.

Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka wa 2012, hauruhusu dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksidi kuuzwa moja kwa moja kwa wateja, wala hauruhusu dawa kali kuliko hiyo kutumiwa na walio chini ya miaka 18.

Chanzo cha doa

Madoa ya chai, tumbaku na miraa yaliyo juu ya jino huweza kutolewa kwa kusafishwa tu na daktari. Madoa ya floraidi ni tofauti. Mtoto akinywa maji yenye madini hayo kupita kiasi meno yake yanapoundwa, hadi umri wa miaka 8 hivi, rangi ya kahawia hubaki ndani ya jino. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Nchini Kenya tatizo hili linafahamika zaidi katika Bonde la Ufa. Kung'arisha huenda kusiyaondoe, na pengine mabaka meupe yakaonekana zaidi.

Meno ya bandia na vijazo vya meno yaliyozibwa haviwi vyeupe kwa kung'arishwa.

Hivyo basi, anayetaka huduma hii ahakikishe daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, aulize kwanza chanzo cha doa lake, na asilipe zaidi kwa ajili ya taa.