Presha haiumi: kwa nini unaambiwa uendelee na dawa wakati unajisikia mzima

Kila tunapofungua simu katika kipindi cha afya, kuna swali ambalo halikosi. Msikilizaji anapiga, anasalimia, kisha anasema: "Mtangazaji, nilipimwa zahanati nikaambiwa nina presha. Nimemeza vidonge miezi miwili, nimepima tena, nikaambiwa iko sawa. Sasa naweza kuacha?"

Wengine hawaulizi, wameshaacha. Mzee mmoja alitusimulia hewani kwamba aliacha vidonge baada ya masika kwa kuwa alikuwa analima vizuri tu, hana hata kichwa kuuma. Mwaka uliofuata aliyetupigia ni binti yake. Alitaka kujua baba aliyepooza upande wa kulia anafanyishwaje mazoezi.

Simu hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii. Dakika za redio ni chache, na mambo haya yanahitaji kusomwa taratibu. Hifadhi ukurasa huu kwenye simu yako, na kama nyumbani kuna mzazi asiyeona vizuri maandishi madogo, msomee.

Presha ni nini hasa?

Jina kamili ni shinikizo la juu la damu. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Maji yakipita kwa nguvu ya kawaida, mpira unadumu miaka. Pampu ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi kila siku, mpira haupasuki siku hiyo hiyo. Unachakaa polepole kwa ndani, hadi siku moja unapasuka au unaziba. Mishipa ya damu nayo ni hivyo. Moyo ni pampu, na mishipa inayoumia zaidi ni ile ya ubongo, moyo, figo na macho.

Ukipimwa, unatajiwa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kwa mtu mzima, namba ya juu ikifika 140 au zaidi, au ya chini ikifika 90 au zaidi, na ikawa hivyo katika vipimo vya siku tofauti, hiyo huhesabiwa kuwa presha ya juu. Kipimo kimoja baada ya kupanda mlima au kugombana na jirani hakitoshi kukuhukumu.

Ugumu wake ni kwamba presha haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi bila dalili. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo, na ni mtu 1 tu kati ya 5 ambaye presha yake imedhibitiwa. Kwa hiyo ukisubiri kichwa kiume ndipo upime, huenda ukachelewa.

"Huo ni ugonjwa wa matajiri wa mjini"

Maneno haya tunayasikia sana. Watafiti waliyapima hapa hapa Tanzania. Walipima watu wazima katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika eneo la Ilala, Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Ilala, wenye presha ya juu walikuwa karibu 30 katika kila 100. Hai, kwenye migomba na mashamba, walikuwa karibu 32 katika kila 100, wanaume kwa wanawake. Kijiji hakikuwa nyuma ya mji.

Sehemu iliyotuumiza zaidi ni iliyofuata. Kati ya waliokutwa na presha, waliokuwa wanajua hali yao hawakufika 20 katika kila 100. Waliosema wanatumia dawa walikuwa kama 10. Ambao presha yao ilikuwa imeshuka na kukaa chini ya 140 kwa 90 hawakufika hata mmoja katika kila 100.

Utafiti huo ni wa zamani, na tangu hapo huduma zimeongezeka. Lakini somo lake halijazeeka: kulima, kutembea na kula vya shambani kunasaidia afya, ila hakumpi mtu kinga kamili.

Presha na kiharusi

Kiharusi hutokea pale mshipa wa ubongo unapoziba au unapopasuka. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walifuatilia watu wote waliopata kiharusi katika vijiji kadhaa vya Hai na katika maeneo fulani ya Dar es Salaam. Kwa miaka hiyo mitatu walihesabu watu 636, kati yao 453 wakiwa wa Hai. Walipolinganisha watu wa umri mmoja, kiwango cha kiharusi Dar es Salaam kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai, na vyote viwili havikuwa vidogo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba presha ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari hiyo, pamoja na sigara.

Watafiti waliuliza pia watu wanaamini kiharusi kinatoka wapi. Jibu liliwashangaza wengi. Dar es Salaam ndiko watu wengi walikotaja mapepo na uchawi. Vijijini Hai wengi walitaja sababu za mwili. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba wa kijijini ndiye asiyeelewa.

Imani ya mtu ni yake na hatumwingilii. Tunachoomba ni kwamba maombi na dua visichukue nafasi ya safari ya hospitali, kwa sababu seli za ubongo zinakufa kadiri muda unavyopita. Ukiona mojawapo ya haya ghafla, usingoje asubuhi:

- Mdomo au uso umepinda upande mmoja.
- Mkono au mguu mmoja umekosa nguvu au umekufa ganzi.
- Maneno yanatoka vibaya, au mtu haelewi anachoambiwa.

Kumbuka saa dalili zilipoanza, maana daktari atauliza. Usimpe mgonjwa chakula, maji wala dawa ya mdomoni, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu kama amelegea au anatapika, kisha tafuteni usafiri.

Kwa nini dawa haiachwi presha ikishuka?

Turudi kwenye swali letu. Nyumba yako haivuji kwa sababu ina bati. Hakuna anayesema, "Ndani pamekauka, basi tuezue bati." Vidonge vya presha ni kama hilo bati. Haviondoi ugonjwa, vinaushikilia. Kipimo kikisoma vizuri, maana yake dawa inafanya kazi. Ukiacha, kwa watu wengi presha inapanda tena, tena kimya kimya.

Kosa jingine ni kumeza kidonge asubuhi ya siku ya kliniki tu, ili namba ionekane nzuri. Hapo unamdanganya mhudumu, na mishipa yako haidanganyiki.

Wasikilizaji wengine wanauliza kama dawa hizi zimejaribiwa kwa Waafrika. Zimejaribiwa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi sita: Kenya, Uganda, Msumbiji, Kameruni, Nigeria na Afrika Kusini. Wagonjwa 728 waligawanywa katika makundi matatu, kila kundi likapewa mchanganyiko wake wa dawa mbili. Baada ya miezi sita walipimwa kwa mashine inayosoma presha kwa saa 24. Makundi mawili yaliyokuwa na dawa iitwayo amlodipini ndani ya mchanganyiko yalishuka zaidi kuliko kundi lisilokuwa nayo. Amlodipini si dawa ngeni. Inatumika sana, humezwa mara moja kwa siku, na ipo ya bei nafuu.

Hilo halina maana ukainunue mwenyewe dukani. Mhudumu wa afya ndiye anayejua ipi inakufaa, na mara nyingi mtu huhitaji mbili. Lakini likupe moyo: vidonge hivi vinafanya kazi kwa watu kama sisi.

"Niliacha kwa sababu zinanisumbua"

Hii ni sababu ya kweli, wala si uvivu. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Dawa za kukojosha zinakupeleka chooni mara kwa mara. Baadhi ya dawa, kama perindopril, huleta kikohozi kikavu. Wapo wanaume wanaolalamika nguvu kupungua na wanaona haya kusema. Yote haya yana majibu: dawa inabadilishwa, kipimo kinapunguzwa, au muda wa kumeza unahamishwa. Usiache kimya kimya. Rudi ukaseme.

Mama mwenye presha akijua ana mimba, au akipanga kuibeba, awahi kumwambia mhudumu, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi hazifai kwa mtoto aliye tumboni.

Na kama tatizo ni pesa, sema pia. Ni heri mhudumu akubadilishie dawa uweze kuinunua kila mwezi kuliko kuandikiwa ya gharama utakayoimeza wiki mbili.

Vipi kitunguu saumu na mlonge? Kula, ni chakula. Ila visichukue nafasi ya kidonge, na mwambie mhudumu unavyovitumia.

Chumvi: somo kutoka vijiji 600

Nchini China, watafiti walikwenda vijiji 600 na kuwafuata watu karibu 21,000 kwa takriban miaka mitano. Wote walikuwa wamewahi kupata kiharusi, au walikuwa na miaka 60 na zaidi wakiwa na presha isiyodhibitiwa vizuri. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Nusu vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa imebadilishwa kuwa chumvi ya potasiamu.

Matokeo yalitoka mwaka 2021. Katika kila watu 1,000 kwa mwaka, waliopata kiharusi kwenye vijiji vya chumvi ya kawaida walikuwa kama 34. Kwenye vijiji vya chumvi mpya walikuwa 29. Vifo navyo vilipungua. Badiliko dogo la kwenye sufuria lilionekana kwenye makaburi.

Chumvi ile si rahisi kuipata kwenye maduka yetu, na haimfai mwenye ugonjwa wa figo. Lakini chumvi ya kawaida sote tunaweza kuipunguza. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kasoro kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mchuzi, viungo vya pakiti na samaki wa chumvi. Anza hivi: ondoa chumvi mezani, samaki wa chumvi aloweke na umwage maji, na mchuzi uupe ladha kwa ndimu, tangawizi au kitunguu. Hiyo kidogo unayotumia iwe yenye madini joto.

Dawa za maisha, tumeshajifunza

Kuna anayesema: "Vidonge kila siku mpaka kufa, nani ataweza?" Ndugu zetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wameweza. Wana kliniki, tarehe, kadi, na mtu wa kuwafuatilia wasipofika.

Utafiti uliofanyika Tanzania na Uganda, ukachapishwa mwaka 2023, ulijaribu kutumia mpango huo. Katika vituo 32, baadhi vilihudumia watu wa UKIMWI, kisukari na presha sehemu moja, kwenye foleni moja, na vingine vikaendelea kuwatenganisha kama kawaida. Walipohudumiwa pamoja, wengi sana wa wenye presha na kisukari waliendelea kuhudhuria, na huduma ya UKIMWI haikudhoofika. Maana yake ni kwamba kituo cha kawaida kinaweza kuwatunza wenye presha kwa muda mrefu, mradi kuwe na utaratibu.

Nyumbani nako unaweza kuweka utaratibu wako. Meza kidonge saa ile ile, kwa mfano ukimaliza kupiga mswaki. Mpe mjukuu kazi ya kukukumbusha. Nenda kachukue dawa mpya zikiwa zimebaki za wiki moja, usingoje ziishe.

Siku ya kupima

Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kojoa kwanza. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee. Omba uandikiwe namba zote mbili kwenye daftari lako, pamoja na tarehe, na daftari hilo lisikose kila kliniki.

Namba ya juu ikifika 180 au ya chini 120, na kifua kinauma, pumzi inakata, macho yanaona ukungu au kichwa kinauma vibaya, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kama una miaka 18 au zaidi na hujawahi kupima, siku ya gulio ijayo pita zahanati kabla hujapita sokoni. Na wewe uliyekwisha kuacha vidonge, hatukugombezi. Rudi kituoni uwaambie uliacha lini na kwa nini. Yule binti, kabla hajakata simu, alituomba tuwaambie wengine. Tumewaambia.