Mlima wa Njahi: Majina ya Kilimambogo

Mkazi wa Ngoingwa, pembezoni mwa Thika, akitazama mashariki asubuhi isiyo na ukungu, huuona mlima mmoja wenye majina manne. Ramani ya serikali huuita Ol Donyo Sabuk, yaani 'mlima mkubwa' kwa Kimaasai, kwa tahajia iliyoachwa na Waingereza; ndilo pia jina la mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 1967. Wengi wa Thika husema Kilimambogo, mlima wa nyati, na nyati wangali huko. Wakamba huuita Kyanzavi. Katika mapokeo ya Wagikuyu kuna Kĩa-Njahĩ, ambao Jomo Kenyatta aliutaja katika Facing Mount Kenya (1938) miongoni mwa makao ya Ngai.

Aghalabu majina haya huorodheshwa kana kwamba kila jamii iliona jambo lake. Mtazamo huo haujitoshelezi. Nzavi ya Kikamba na njahĩ ya Kigikuyu ni neno moja: h ya Kigikuyu mara nyingi hulingana na v ya Kikamba, kama katika haha na vava, 'hapa'. Linalotajwa ni haragwe jeusi la heshima, chakula cha mama aliyejifungua, ambalo pia liliyapa masika ya Wagikuyu jina lake. Ndiyo maana Kenyatta aliufasiri kuwa mlima wa mvua kubwa. Majirani wawili, basi, walishiriki jina moja la kilimo.

Kijiji cha wachimba shaba cha Špania Dolina, nchini Slovakia, kiliitwa Herrengrund kwa Kijerumani na Úrvölgy kwa Kihungari. Yote mawili humtaja bwana mwenye bonde. Hapa bwana alikuwapo pia. William Northrup McMillan, Mmarekani wa shamba la Juja aliyemkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909, alifariki mwaka 1925 akazikwa mlimani. Juja likawa jina la mji. Kaburi, ajabu, halikuupa mlima jina lolote.

Miji miwili midogo iligawana yaliyosalia: mmoja Donyo Sabuk, mwingine Kilimambogo, penye chuo cha ualimu. Kĩa-Njahĩ hukutwa zaidi vitabuni, na msomaji wa Kenyatta asiyejua Kikamba huenda asitambue kwamba ni mlima ule ule anaoupita akielekea Garissa.