Makutupora: Stesheni Iliyo Chini ya Ukuta wa Bonde la Ufa

Makutupora inayozungumziwa hapa ni ile ya Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, magharibi mwa Dodoma, wala si ile ya kaskazini mwa jiji hilo inayojulikana kwa visima vya maji na utafiti wa zabibu. Ni stesheni ndogo ya Reli ya Kati katika nchi ya Wagogo, wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mtama na uwele, ambako mvua ni haba na kiangazi ni kirefu.

Reli hiyo ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa geji ya mita moja, yaani upana uliopo kati ya pau mbili za reli. Baada ya kuvuka tambarare ya Bahi na Kintinku, njia hukabiliana na ukuta wa Bonde la Ufa, ambao ni mwinuko mkali uliotokana na kupasuka kwa ardhi, na kutoka Makutupora treni hupanda kupitia Saranda hadi Manyoni. Kilimatinde, iliyokuwa na boma la Wajerumani juu ya ukuta huo, iliachwa kando ya njia, na Manyoni, iliyo relini, ndiyo leo makao makuu ya wilaya.

Kwa kuwa njia ni moja, treni zinazoelekeana hupishana stesheni tu: moja huingizwa njia ya pembeni na kusubiri mpaka nyingine ipite, kwa hiyo usalama wa safari nzima hutegemea pia stesheni zisizo na abiria wengi.

Zaidi ya karne moja baada ya ujenzi wa Wajerumani, Makutupora imekuwa mpaka wa vipande viwili vya reli ya kisasa yenye geji ya milimita 1,435 na treni za umeme: Morogoro hadi Makutupora, kilomita 422 pamoja na njia za kupishania, ambacho mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2017, na Makutupora hadi Tabora, kilomita 368 pamoja na njia hizo, ambacho mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2021.

Historia ya reli nchini haikamiliki kwa kutaja miji mikubwa pekee. Inafaa kumbukumbu za Makutupora, kuanzia majengo na daftari za stesheni hadi masimulizi ya wazee waliofanya kazi relini, zihifadhiwe sasa, kabla reli mpya haijaifanya ile ya zamani isahaulike.