Kutengeneza vyakula vya mifugo: kazi inayoanzia kwenye ununuzi

Mtengenezaji wa vyakula vya mifugo hupata faida au hasara siku anaponunua malighafi. Mahindi na pumba huleta nguvu. Protini hutoka kwenye soya, dagaa na mashudu ya alizeti au pamba, kisha huongezwa chokaa, chumvi, vitamini na madini. Kuku wa mayai huhitaji protini ya takriban asilimia 16 hadi 18. Mashudu ya alizeti yana bei nafuu, lakini yenye maganda mengi hayamfai kuku. Dagaa nao huja na mchanga, na mchanga hupimwa kwa kilo kama dagaa.

Adui mkubwa ni sumukuvu. Ng'ombe wa maziwa akiila, hupita hadi kwenye maziwa. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, malori yakakwama Namanga. Siku chache baadaye ilifungua kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti cha kipimo cha sumukuvu na cha asili ya mzigo. Msafirishaji mwenye turubai lililotoboka naye yumo katika hesabu hii.

Shahada ya sayansi ya wanyama hutolewa SUA, Morogoro, na Egerton, Kenya. Anayeanza bila shahada amlipe mtaalamu ampangie mchanganyiko, na anunue kipima unyevu kabla ya mashine ya pili.