Kuhuishwa kwa Mchezo wa Doom

Kitabu kilichoachwa sandukuni miaka mia, kama mchwa hawakukila, chasomeka bado na ajuaye hati yake. Mchezo wa kompyuta sivyo ulivyo. Huo huandikwa kwa ajili ya mtambo, na mtambo ukitoweka, mchezo hubaki kama barua ya lugha isiyo na wasemaji: maneno yote yapo, wala hapana awezaye kuyatamka. Katika insha hii nataka kueleza habari za mchezo mmoja, Doom, jinsi ulivyozaliwa, jinsi ulivyokaribia kunyamaza, na jinsi watu walivyoufanya uendelee kuchezwa katika mitambo ambayo waandishi wake hawakuijua. Kwa nje habari hizi ni za mchezo. Kwa ndani ni habari za uaminifu wa wanakili, jambo limhusulo kila mwanafunzi wa maandiko.

Doom ulitolewa tarehe 10 Desemba 1993 na kampuni ndogo ya id Software, iliyokuwa Mesquite katika jimbo la Texas, Marekani. Mwanaprogramu wake mkuu alikuwa John Carmack. Miongoni mwa wenziwe walikuwamo John Romero, Adrian Carmack na Sandy Petersen, na muziki ulitungwa na Bobby Prince. Nakala ya kwanza ya watu wote iliwekwa katika kompyuta ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, na kutoka huko ikaenea. Sehemu ya kwanza, yenye viwanja 9, ilitolewa bure. Aliyezitamani sehemu zilizobaki alizinunua. Mchezaji huwa askari aliye peke yake katika miezi miwili ya Mirihi, Phobos na Deimos, akipigana na mashetani. Wengi walikichukia kisa hicho kwa wingi wa damu yake, nao walikuwa na haki ya kukichukia. Walakini mwaka 2007 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Henry Lowood wa Chuo Kikuu cha Stanford ilipotaja michezo 10 istahiliyo kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo, Doom ulikuwamo. Kwa hiyo tusiuulize kama ni mzuri au ni mbaya, tuulize ulinusurikaje.

Mchezo huo ulifungwa na mtambo wake kwa minyororo mitatu: wakati, picha na sauti. Uliandikwa kwa ajili ya kompyuta za DOS zenye prosesa ya 386 au iliyo bora zaidi, na kumbukumbu ya megabaiti 4. Hesabu zake zote hufanywa kwa hatua 35 katika kila sekunde, yaani nusu ya mara 70 ambazo skrini ya siku zile ilijichora upya. Picha yake ina nukta 320 kwa upana na 200 kwa urefu, katika rangi 256. Muziki wake kwa watu wengi ulitoka katika chipu ya Yamaha iliyokuwa ndani ya kadi za sauti. Chipu hiyo haikuhifadhi sauti ya ala yoyote, bali iliiunda papo hapo kwa kuchanganya mawimbi.

Miaka ilipopita, kila mnyororo uligeuka kuwa shida. Kadi za sauti za namna ile ziliondoka. Skrini za kioo cha mviringo ziliondoka, zikaja bapa. DOS yenyewe iliondoka: matoleo ya Windows ya biti 64 hayana kabisa sehemu ya kuendesha programu zake, na Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, haina toleo la biti 32. Mtu akilichukua faili la mwaka 1993 na kulibonyeza leo katika kompyuta ya namna hiyo, atajibiwa kwamba programu hiyo haiwezi kuendeshwa, basi.

Njia za kuokoa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuujenga mtambo wa kale upya ndani ya mtambo mpya. Programu ya DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, hufanya hivyo: huiga prosesa, huiga kadi ya sauti, huiga DOS yenyewe, na mchezo hudanganyika ukadhani uko nyumbani. Njia hii haibadili hata herufi moja ya programu, na hiyo ndiyo sifa yake. Upungufu wake ni kwamba pengine mtumiaji hulazimika kukadiria mwenyewe kasi ya prosesa ya bandia. Akiipunguza mno mchezo hukwama, akiizidisha mno kompyuta yake huelemewa na sauti hukatikakatika.

Njia ya pili ni kuyachukua maandishi ya programu na kuyapeleka katika mtambo mpya. Njia hii yahitaji ruhusa ya mwenye mali, na hapa ndipo historia ya Doom ilipoachana na historia ya michezo mingi. Tarehe 23 Desemba 1997 kampuni ya id Software iliyatoa maandishi hayo bure, kila mtu ayasome. Kwanza yalikatazwa kutumiwa kwa biashara. Mwaka 1999 yakawekwa chini ya leseni ya GNU, ambayo humruhusu kila mtu kuyabadili na kuyagawa, kwa sharti la kuwapa wengine uhuru ule ule. Lakini zawadi hiyo ilikuwa na pengo. Sehemu ya sauti ya mchezo wa DOS ilikuwa mali ya mtu mwingine, nayo haikuweza kutolewa. Yaliyotolewa yalikuwa maandishi ya toleo la Linux, na waliotaka kuusikia mchezo kama ulivyosikika zamani walilazimika kuitunga upya sehemu hiyo kwa kusikiliza na kulinganisha.

Yalipokwisha kutolewa, wanakili waligawanyika, kama wagawanyikavyo wanakili wa tenzi. Wako waliotengeneza. Mwaka 1998 kikundi cha TeamTNT kilitoa Boom, kikaondoa mipaka ya zamani na kusahihisha makosa mengi. Na wako waliohifadhi. Mwaka 2005 Simon Howard alianza Chocolate Doom, ambayo nia yake ni kutenda katika mtambo mpya yale yale yaliyotendwa na programu ya DOS, pamoja na makosa. Mfano ni huu: programu ya asili ilitenga nafasi 128 kwa vipande vya sakafu na dari vionekanavyo kwa mara moja, vikizidi, husimama na kutoa taarifa ya kosa. Chocolate Doom nayo husimama pale pale, ijapokuwa kompyuta ya leo ina nafasi isiyohesabika.

Msomaji atauliza: kuna faida gani kulihifadhi kosa? Jibu limo katika kumbukumbu za wachezaji. Doom waweza kurekodi mchezo uliochezwa. Lakini haurekodi picha, bali matendo ya mchezaji: kwa kila hatua baiti 4 tu, zieleazo alivyokwenda mbele au nyuma, alivyokwenda kando, alivyogeuka, na alichobonyeza. Kuirudia rekodi ni kuucheza mchezo upya kwa mkono wa yule yule. Bahati nayo haikuachwa huru: hutoka katika jedwali la namba 256 zisomwazo kwa mfuatano usiobadilika. Basi, mtu akisahihisha kosa moja dogo, na shetani mmoja akasita hatua moja tu, namba za bahati husomwa na asiyestahili, na baada ya kitambo mchezaji wa rekodi huonekana akiupiga risasi ukuta mtupu, hali adui yuko nyuma yake. Aliyetengeneza alikusudia wema. Kumbe amefuta ushahidi wa watu waliocheza tangu 1994. Rekodi hizo ndizo mizani: programu iwezayo kuzirudia zote bila kupotea imethibitisha uaminifu wake, wala haihitaji kujisifu.

Hata hivyo uaminifu si kung'ang'ania kila kionekanacho. Picha ya nukta 320 kwa 200 ilionyeshwa juu ya skrini za uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo kila nukta ilikuwa ndefu kuliko upana wake. Skrini za leo zina nukta za mraba. Aiwekaye picha ile bila kuirefusha hadi uwiano wa 320 kwa 240 huwaona askari na mashetani wamebonyea, naye hujidhania mwaminifu. Kadhalika, skrini ijichorayo mara 60 kwa sekunde haigawanyiki sawa kwa 35, na mwendo huonekana kurukaruka. Programu nyingine hulitibu hilo kwa kuchora picha za kati baina ya hatua mbili, na kuziacha hesabu zenyewe katika 35. Hapo jicho hupata raha, na rekodi haziguswi. Huo kwangu ndio mpaka wa haki: badili namna ya kuonyesha, usibadili kinachohesabiwa, na mtumiaji awe na uwezo wa kukirudisha cha kale apendapo.

Tusisahau kwamba kunusurika huku hakukuwa kazi ya ustadi peke yake. Maandishi ya Prince of Persia, mchezo wa Jordan Mechner wa mwaka 1989, yalipotea miaka mingi hata baba yake alipozikuta diski zake katika sanduku, mwaka 2012. Huo uliokolewa na bahati. Doom uliokolewa na uamuzi: wenye mali waliyafungua maandishi yao wakati yangali yakifahamika, na watu waliowajua bado wakitaka kuyasoma. Wako wengi leo wanaofunga maandishi yao wakidhani wanayalinda. Mtambo wa kuyasoma utakapokwisha, watakuwa wameulinda ufunguo, na nyumba imekwisha kuanguka.