Kutoka kitanzini hadi duka la maua

Mwaka 1961, katika filamu The Children's Hour, mwalimu Martha Dobie anakiri kwamba anampenda mwalimu mwenzake, kisha anajitia kitanzi. Tangu 1934 kanuni za udhibiti za Hollywood zilikuwa zimekataza kuonyesha mapenzi ya namna hiyo, na mlango ulipoanza kufunguliwa, mwanamke anayempenda mwanamke aliingizwa ili afe.

Ndiyo maana Go Fish ya Rose Troche, 1994, ilipokelewa kama mvua ya kwanza. Ilipigwa Chicago, nyeusi na nyeupe, kwa fedha za kuungaunga. Max anamdharau mwanamke mwenzake, Ely, kwa sura na mavazi yake. Baadaye Max huyo huyo anaishika mikono ya Ely na kumkata kucha, kidole baada ya kidole, na hapo ndipo mapenzi yanapowaka. Hawa ndio ambao walimu wa fasihi huwaita wahusika duara: wanakosea, wanageuka, wanashangaza.

Miaka miwili baadaye Cheryl Dunye alitoa The Watermelon Woman, akimtafuta mwigizaji mweusi wa miaka ya 1930 aliyepewa nafasi za utumishi tu na ambaye filamu hazikutaja hata jina lake. Ilibidi Dunye amtunge mwenyewe, maana kumbukumbu hazikuwa zimehifadhi vya kutosha habari za wanawake wa namna hiyo.

Kisha fedha zikaja, na ubapa wa wahusika ukaja nazo. Katika Imagine Me & You, 2005, Rachel anamwona Luce, muuza maua, siku ya harusi yake mwenyewe. Luce ni mzuri, mpole, hana doa. Na asiye na doa hana hadithi. Anayeumia, anayetania na kufanya uamuzi mgumu ni Heck, mume anayeachwa. Filamu inayowahusu wanawake wawili ikampa mwanamume roho! Hili linaniuma, kwa sababu waliosubiri miaka yote ile walistahili zaidi ya vinyago vyenye furaha.

Na haikuwa lazima. Mwaka mmoja kabla, Alice Wu alitoa Saving Face: Wil, daktari wa upasuaji New York, anaficha mapenzi yake huku mama yake mjane, mwenye miaka 48, akihamia kwake na mimba asiyotaka kusema ni ya nani. Kila mmoja anamficha mwenzake, na kicheko kinatoka humo. Wu alishauriwa awageuze wahusika wake Wachina kuwa Wazungu. Alikataa. Msomaji anayetaka kuanza na filamu moja, aanze na hiyo.