Mafundi Redio wa Barabara ya Bagamoyo

Historia ya ufundi wa redio za magari, kuanzia Mwenge mpaka huku kwetu Bagamoyo, mimi naianzia kwenye betri. Malori na mabasi makubwa ya miaka ya 1980 yalikuwa ya volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Redio kaseti tulizozipata zilikuwa za volti 12. Njia ya mkato ilikuwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu. Muziki unalia, dereva anafurahi, ila betri ile inachoka kabla ya mwenzake na siku moja gari haliwaki. Mzee aliyenifundisha kazi hakuikubali njia hiyo hata kidogo. Alifunga konveta ya kushusha volti, mteja alalamikie bei asilalamike. Namheshimu mpaka leo.

Daladala ziliruhusiwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata masharti ya kuingiza bidhaa yakalegezwa. Baadaye zikamiminika Hiace zilizotumika Japani, na kwa hizo shida haikuwa volti tena bali masafa. Mwanzoni hakuna aliyeiona, maana Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika masafa ya kati na redio ya Mjapani iliikamata bila taabu. Ikaja sheria ya utangazaji ya 1993, Radio One ikaanza 1994, na FM nyingine zikafuata. FM ya Japani enzi hizo ilianzia 76 ikaishia 90. Yetu inakwenda mpaka 108. Clouds iliyoko 88.5 unaipata. Times FM, 100.5, huipati ng'o.

Hapo ndipo ekspanda ilipotupatia riziki. Ni kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake kushusha masafa. Ukifunga cha kushusha 12, Times inaangukia 88.5, palepale ilipo Clouds, na mteja anarudi kukwambia stesheni zinagombana. Mimi nachagua cha 15: Times inatua 85.5, ambako hapa nchini hakuna anayerusha matangazo.

Waya zenyewe hazina siri: njano ni umeme wa moja kwa moja, nyekundu inapitia swichi, nyeusi inakwenda bodi. Lakini rangi hizo ni za redio ya dukani. Soketi ya Toyota ina rangi zake, kwa hiyo tangulia na testa. Halafu kuna chumvi. Kwenye gari linalobeba samaki kwenda Dar, maji ya barafu yanapenya chini ya kapeti, na kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu tu shaba yake inakuwa kijani. Spika inaanza kukwaruza. Mimi nachomea risasi kila kiungo, hata dereva akiwa na haraka.

Kinachoniuma siku hizi ni hizi redio za skrini. Soketi ya kiwandani inakatwa kwa koleo ili kazi iishe upesi, na atakayelinunua gari baadaye anakuta rundo la waya zisizo na mwenyewe. Adapta ya kuchomeka bila kukata chochote ipo. Mteja, idai kabla fundi hajashika koleo.